Ulingoni: Kalule na Mugabi

Wasomaji wa Likoni na Changamwe wamebishana sana: kama Ayub Kalule na John Mugabi, mabondia wa Uganda, wangalikutana katika nguvu zao, nani angalishinda? Wote walipata ubingwa wa dunia katika uzito wa ratili 154, lakini hawakupata kupigana.

Mugabi alikuwa na ngumi nzito ajabu. Katika wapinzani wake 25 wa kwanza, hakuna hata mmoja aliyesimama hadi mwisho. Kalule, mtu wa mkono wa kushoto, alitegemea pumzi na subira. Mwaka 1979 huko Japani alipigana na Masashi Kudo raundi zote 15, akamnyang'anya ubingwa kwa pointi.

Kila mmoja alipata mshindi wake: Kalule kwa Sugar Ray Leonard mwaka 1981, raundi ya 9, Mugabi kwa Marvin Hagler mwaka 1986, raundi ya 11, nguvu zikiwa zimemwishia.

Shauri langu ni hili: raundi 6 za kwanza ni za Mugabi, na huenda zikamtosha. Zikipita, ushindi ni wa Kalule. Basi vijana wa Kisauni wapigao gunia jioni na kukataa kukimbia alfajiri, na wajiulize watasimamaje raundi ya 10.