Alama za PCB hazimjui mgonjwa

Nimekuwa muuguzi muda wa kutosha kuwapokea madaktari tarajali ambao leo ni mabingwa. Wote walikuja na PCB nzito, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, maana bila hizo huvuki mlango wa Muhimbili wala wa Bugando. Akili si tatizo letu.

Alikuwapo mmoja, Divisheni One ya pointi tatu, dawa za presha anazitaja kundi kwa kundi. Mama mmoja presha ikawa haishuki. Kijana akawa anaongeza dozi kila kliniki, macho kwenye faili. Siku moja mwanafunzi wa uuguzi akauliza tu, "Mama, hivi vidonge unavimezaje?" Mama akasema leo anameza yeye, kesho dada yake. Pakiti moja, wagonjwa wawili, kwa sababu hela hakuna. Yule tarajali hakuwa mzembe. Swali hilo halikumjia, na tangu kidato cha kwanza hakuna mtihani uliowahi kumtaka aulize kitu cha namna hiyo.

Uingereza, wengi wanaoomba udaktari wa binadamu au wa meno hufanya kwanza mtihani wa kompyuta uitwao UCAT, karibu saa mbili. Sehemu ya ufahamu ina maswali 44 kwa dakika 22. Hiyo siitamani, mbio za nusu dakika kwa swali zinambeba aliyekua na kompyuta nyumbani. Kinachonivutia ni sehemu ya mwisho: unapewa kisa cha wodini au cha chuoni, kisha unapima hatua hii inafaa kiasi gani. Kanada nao, kwa miaka mingi, waombaji wa udaktari wa meno walichongeshwa kipande cha sabuni kwa vipimo, mkono uonekane. Kwa mng'oa meno naona si wazo baya.

Mtu ataniambia, si tuwafanyie usaili tu? Sitaki. Usaili kwetu swali la kwanza, hata kama haliulizwi kwa sauti, ni "mtoto wa nani?" Na barua za kumsifia mtu tulishazijaribu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa afanye kazi kwanza, ndipo aombe chuo kikuu akiwa na barua ya mwajiri na ya chama. Nia ilikuwa njema. Lakini wasichana walipungua hadi sharti likalegezwa kwao, na mwenye muhuri akawa mwenye mlango.

Mimi nataka karatasi moja ya visa, itungwe na madaktari na wauguzi, isahihishwe kwa mashine, na iwe kwa Kiswahili, kwa sababu wodini ndicho tunachoongea. Mfano: bibi anatakiwa kutia dole gumba kwenye fomu ya upasuaji. Anauliza, "Mnanikata wapi?" Mjukuu anadakia, "Tia tu bibi, hawa ni wataalamu." Daktari mkuu yuko mlangoni, ana haraka. Wewe ni mwanafunzi, kalamu unayo wewe. Unaanza na lipi?

Tuisheni itafuata, najua. Wenye nazo watanunua majibu, kama wanavyonunua tuisheni ya Fizikia leo, wakati mtoto wa shule ya kata anaisoma praktiko ubaoni. Ila kwenye visa mtoto huyo ana mtaji wake: ameuguza nyumbani, amepanga foleni ya dirisha la dawa, amemsomea bibi yake karatasi ya kliniki.

Karatasi hiyo isimwangushe mwenye Kemia nzuri. Itumike pale wenye alama sawa wanapogombea kiti kimoja. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika kila Mei, vituo vipo, wasimamizi wapo. Kwa wanafunzi wa PCB ni kuongeza saa moja tu.