Jezi ya i7 haifungi mabao Mbangala

KWENYE kibanda cha gemu sheria ni moja: anayefungwa ndiye analipa. Sasa picha ikikwama dakika ya 89, beki akabaki amesimama kama nguzo ya umeme na mpira ukaingia, ugomvi unaanza hapo hapo. Aliyefungwa anasema kafungwa na mashine. Mwenye kibanda hapati hela yake, na zikipita jioni mbili tatu za namna hiyo wateja wanahama.

Ndiyo maana kuchagua prosesa na kadi ya grafiki si mambo ya watoto wa mjini tu. Mbangala, wilayani Songwe, ukanda ambao vijana wengi wanatafuta riziki kwenye maduara ya dhahabu, kompyuta moja inaweza kumeza mtaji wote wa mtu. Mchana inachapa barua na kujaza fomu za watu, jioni inageuka uwanja wa mpira. Ikinunuliwa vibaya, kuirudisha Kariakoo ni safari ya kama kilomita 900, na nauli hairudishwi na muuzaji.

Kosa kubwa linaanzia kwenye stika. Kijana anafika dukani, anaona mashine ya mtumba imeandikwa i7, anaambiwa "hiki ni chuma", anahesabu noti. Hakuna anayemwambia asome namba inayofuata. Prosesa ya i7-2600 ni ya kizazi cha pili, ilitoka mwaka 2011 ikiwa na viini vinne. Ile ya i5-8500 ni ya kizazi cha nane, ilitoka 2018 na ina viini sita. Kwenye gemu, i5 hiyo inaiacha i7 ile mbali sana. Kuvaa jezi namba 10 hakujawahi kumgeuza mtu kuwa Pelé.

Halafu kuna hili la kugawana kazi. Prosesa ndiyo kiungo: inafikiria wachezaji 22 wanakimbilia wapi, mpira unadunda vipi, pedi imebonyezwa nini. Kadi ya grafiki ndiyo inayochora: nyasi, jezi, mashabiki, jasho la mshambuliaji. Ili mpira uende laini zinatakiwa picha 60 kila sekunde, maana yake kila picha ina milisekunde kama 16 tu za kuandaliwa. Mmoja akichelewa, wote wamechelewa. Prosesa kali isiyo na kadi ya maana ni sawa na timu yenye kiungo fundi halafu mbele hakuna mtu. Pasi nzuri, mabao hakuna.

Kwa hiyo mwenye hela ya kubana asimalizie yote kwenye prosesa. Atafute prosesa ya kutosha, kisha hela inayobaki iende kwenye kadi. Ya kutosha ni ipi? EA Sports FC 24, gemu la mwaka 2023, kiwango chake cha chini kabisa kilikuwa i5-6600K, RAM ya GB 8 na kadi ya GTX 1050 Ti yenye GB 4. eFootball ni mpole zaidi, na kucheza ni bure. Mashine ya ofisini yenye i5 ya kizazi cha nane, RAM ya GB 16 iliyogawanywa vipande viwili na kadi ya GTX 1650 inaimudu kazi hiyo bila jasho. Kibanda hakihitaji zaidi ya hapo, hata muuzaji aseme nini.

Ila kadi nayo ina mitego yake, na hapa ndipo vijana wengi wanapigwa.

Mtego wa kwanza ni umeme ndani ya boksi. Mashine kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk zilitengenezwa kwa ajili ya makarani, na pawa saplai za nyingi kati yake hazifiki hata wati 300. Ukichomeka humo RX 580, inayokula wati 185 peke yake, ni kama kulifunga karasha kubwa kwenye injini ya pikipiki. Mchimbaji yeyote wa Songwe anajua mwisho wake. Kadi ya kutafuta ni ile isiyozidi wati 75, inayokunywa umeme kutoka kwenye mlango wake yenyewe bila waya wa ziada. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zipo za aina hiyo, lakini si matoleo yote, kwa hiyo kadi iangaliwe kwa macho. Na boksi likiwa lile jembamba, inatakiwa kadi fupi. Ya kawaida haiingii, labda boksi libaki wazi livute vumbi.

Mtego wa pili ni feki. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa jina ndani zikajiita GTX 1050 Ti. Alama moja ni tundu la VGA, lile la bluu la skrini za kizamani. GTX 1050 Ti halisi haitoi picha ya VGA, hivyo inayokuja na tundu hilo ni ya kutilia shaka mara moja. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu 2018, inazitambua nyingi na kuziandika wazi kuwa ni feki.

Mtego wa tatu ungewachekesha watu wa Mbangala: kadi zilizochoka kwa uchimbaji. Zilikesha zikichimba sarafu za mtandaoni, na Ethereum ilipoachana na mfumo huo Septemba 2022 nyingi zikamwagwa sokoni. Si zote mbovu, lakini feni inayolia kama mashine ya kusaga ni dalili tosha.

Wapo watakaosema bora PlayStation 4 ya mtumba yaishe. Kwa anayetaka mpira tu, wana hoja. Lakini PlayStation haichapi barua mchana.

Basi kabla mzigo haujapelekwa stendi, mashine iwashwe dukani, programu ifunguliwe, na mechi ichezwe nusu saa nzima kwenye skrini ileile itakayosafiri nayo. Muuzaji akisema umeme umekatika, asubiriwe mpaka urudi.