Barua ya Wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Kuhusu Ajira za Wasanidi Programu Wanaovuka Mipaka

Kwa: Katibu Mkuu, Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha
Nakala: Tume ya TEHAMA, Tanzania

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Barua hii inahusu wasanidi programu, yaani watu ambao kazi yao ni kubuni, kuandika na kutunza programu za kompyuta na za simu, na hasa wale wanaohama kutoka nchi moja ya Jumuiya kwenda nyingine kutafuta ajira na kukuta kwamba ujuzi walionao hauna hati inayotambuliwa upande wa pili wa mpaka. Inaandikwa kutoka Kwakoa, kata ya Wilaya ya Mwanga iliyo kwenye tambarare kavu ya mashariki chini ya milima ya Upare wa Kaskazini, karibu na Ziwa Jipe ambalo nusu yake ni ya Tanzania na nusu ni ya Kenya. Kutoka hapa mji wa Taveta uko karibu kuliko Arusha, na hata Nairobi, ikipimwa kwa mstari ulionyooka, iko karibu kuliko Dar es Salaam. Kwa hiyo kijana wa Kwakoa, Usangi au Same aliyejifunza kuandika programu hana haja ya kufikiria Ulaya kwanza anapofikiria nchi mpya ya kufanyia kazi, kwa kuwa nchi hiyo iko ng'ambo ya ziwa, na katika mji wake mkuu kampuni ya Microsoft ilifungua kituo cha kutengeneza programu mwaka 2019.

Haki ya kijana huyo kwenda huko imeandikwa. Itifaki ya Soko la Pamoja, ambayo nchi wanachama zilitia saini Novemba 2009 na ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazungumzia katika ibara yake ya 10 uhuru wa wafanyakazi kuhama, na kanuni zilizoambatishwa kwenye itifaki hiyo zinaeleza kwamba mfanyakazi aliyepata ajira ya zaidi ya siku 90 ataomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba, na kwamba mamlaka husika itatoa kibali hicho ndani ya siku 30. Kila nchi iliambatisha pia jedwali la aina za kazi ilizokubali kuzifungua kwa raia wa nchi nyingine, na majedwali hayo hayafanani, kwa hiyo haki iliyo pana katika ibara huwa nyembamba inapofika kwenye jedwali. Hata hivyo tatizo linalolengwa na barua hii haliko hasa kwenye majedwali. Liko kwenye ibara ya 11, inayozitaka nchi wanachama zitambuane kuhusu sifa za elimu na za taaluma, kwa sababu utekelezaji wa ibara hiyo umepita njia ambayo msanidi programu hawezi kuipita.

Njia hiyo ni ya makubaliano ya kutambuana, yaani mikataba ambayo kwayo bodi ya taaluma ya nchi moja inakubali kwamba mtu aliyesajiliwa na bodi ya nchi nyingine anafaa kufanya kazi kwake bila kuanza upya. Wahasibu na wasanifu majengo walipata makubaliano yao mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012, na madaktari wa mifugo wakafuata mwaka 2016, na kila mara waliokaa mezani walikuwa wasajili: Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania na wenzake wa Kenya na Uganda, au Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu na vyombo vinavyofanana nayo. Utaratibu huo ulifaa kwa taaluma zenye bodi kongwe, mitihani yake na daftari la wanachama, lakini usanidi programu ni kazi changa ambayo katika nchi nyingi za Jumuiya haina bodi yenye mamlaka ya kisheria ya kuruhusu au kukataza mtu asiifanye, na pale ambapo kuna chombo cha kusajili wataalamu, kama ilivyo Tume ya TEHAMA iliyoundwa Tanzania mwaka 2015, hakuna chombo kinacholingana nacho kila upande wa mpaka cha kutia saini nacho. Kazi inayovuka mpaka kwa urahisi kuliko zote, kwa kuwa msimbo, yaani maandishi yanayoiamuru kompyuta, hutumwa kwa sekunde chache kutoka Mwanga hadi Kigali, imekuwa ndiyo ambayo mfanyaji wake ana shida kubwa ya kuuvuka.

Inafaa kueleza mahali hasa ambapo shida hiyo hutokea, kwa sababu mara nyingi hudhaniwa kwamba iko kwa waajiri. Mwajiri wa programu hana desturi ya kutegemea vyeti peke yake: humtaka mwombaji aonyeshe hifadhi ya msimbo, yaani mahali kwenye mtandao kama GitHub ambapo kazi zake za awali zimewekwa pamoja na tarehe na historia ya kila badiliko, humpa jaribio la kuandika programu kwa muda maalumu, kisha humhoji, kwa kawaida kwa Kiingereza na kwa njia ya video, kuhusu sababu za maamuzi aliyoyafanya katika jaribio hilo. Mwombaji aliyejifunza mwenyewe anaweza kuvuka hatua zote hizo na kumshinda mwenye shahada. Ugumu huanza baada ya mkataba kufungwa, wakati maombi ya kibali yanapomfikia ofisa ambaye fomu yake inadai nakala za vyeti vya elimu na vya taaluma, na ambaye hana kipimo chochote rasmi cha kupimia hifadhi ya msimbo wala barua ya mteja. Ofisa huyo hatendi dhuluma; anatekeleza fomu aliyopewa. Lakini matokeo yake ni kwamba maombi mawili yanayofanana yanaweza kupata majibu mawili tofauti, na mwajiri asiyeweza kusubiri humchukua mtu mwingine.

Historia ya Upare inaeleza vizuri uzito wa jambo hili. Katika miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilipoleta mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa kila mtu kulingana na kile alichodhaniwa kuwa nacho, maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani mwaka 1945 wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya iliyojumuisha wakati huo Mwanga ya leo, nao hawakukataa kulipa kodi, kwani walikuwa tayari hata kulipa kiwango cha juu zaidi mradi kiwe kimoja na kijulikane. Walichokikataa kilikuwa makadirio ambayo hakuna aliyeweza kuyaeleza. Msanidi programu anayeomba kibali leo yuko tayari vivyo hivyo kutimiza sharti, hata likiwa gumu, ilimradi limeandikwa na linapimika.

Nchi nyingine zimeshaandika sharti la aina hiyo. Ujerumani, kupitia sheria yake ya uhamiaji wa wenye ujuzi iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2020, ilifungua mlango kwa wataalamu wa kompyuta wasio na shahada wala cheti rasmi, na marekebisho ya 2023 yakaenda mbele zaidi: mtaalamu wa aina hiyo anaweza kupata hata Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, ambayo ni kibali cha kuishi na kufanya kazi kilichokuwa cha wenye shahada, akithibitisha uzoefu wa angalau miaka mitatu unaohusiana na kazi hiyo katika miaka saba iliyopita, pamoja na mshahara unaofikia kiwango kilichowekwa. Kenya nayo ilitia saini makubaliano ya uhamiaji na Ujerumani jijini Berlin Septemba 2024. Ni jambo la kusikitisha kwamba Mtanzania asiye na shahada anaweza kusoma sheria ya Berlin akajua anahitaji miaka mingapi ya uzoefu, ilhali hana maandishi ya namna hiyo yanayomwambia Nairobi, Kampala au Kigali zinahitaji nini kwake, ingawa miji hiyo iko ndani ya soko ambalo nchi yake imeliita la pamoja.

Dawa ya kwanza inayokuja akilini, ya kuunda bodi za leseni kila nchi ili zitie saini kama walivyofanya wahandisi, haifai. Kenya iliijaribu kupitia Muswada wa Watendaji wa TEHAMA wa 2016, uliokusudia kumtaka kila mtendaji asajiliwe na awe na leseni, na muswada huo ukapingwa vikali na watu wa sekta yenyewe, waliosema kwa haki kwamba ungewafungia nje vijana waliojifunza bila chuo kikuu, ambao ni sehemu ya nguvu ya sekta hiyo. Leseni ina maana katika daraja linaloweza kuanguka. Kuiweka mbele ya kila anayetaka kuandika programu ya duka la Mwanga ni kumzuia kabla hajaanza.

Kinachohitajika ni hati ya uzoefu, ambayo haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi bali inathibitisha kwamba kazi imefanyika. Msingi wake umo tayari katika sheria za nchi wanachama: nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Cheti hicho, kikiongezewa maelezo ya aina ya programu zilizotengenezwa, lugha za kompyuta zilizotumika na muda uliotumika, kinaweza kuwa hati ya Jumuiya nzima. Pengo kubwa liko kwa wanaofanya kazi za vibarua, ambao huwatengenezea wateja mifumo ya mauzo, ya ada za shule au ya vikundi vya kuweka na kukopa, mara nyingi kwa makubaliano ya mdomo na malipo ya simu, bila mkataba na bila michango ya hifadhi ya jamii. Miaka mitano ya kazi ya namna hiyo inaweza isiache hata karatasi moja. Kwao Tume ya TEHAMA na vyombo vinavyofanana nayo vinaweza kupokea ushahidi mchanganyiko, yaani hifadhi ya msimbo yenye historia, tamko la mteja aliyetajwa na anayeweza kupigiwa simu, na jaribio la vitendo linalosimamiwa, kisha vitoe hati ileile.

Haki inadai pia kusema kwamba Tanzania haiwezi kuomba mlango ambao yenyewe haiufungui. Kenya na Rwanda ziliondoa ada ya vibali vya kazi kwa raia wa Jumuiya, ilhali Tanzania iliendelea kwa miaka mingi kuwatoza, na amri ya Julai 2025 iliyowakataza wasio raia kufanya baadhi ya biashara, ukarabati wa simu ukiwamo, ilipokelewa Kenya kwa malalamiko. Msanidi programu kutoka Kwakoa anayekwenda Nairobi hubeba mzigo wa maamuzi hayo mbele ya ofisa ambaye hajapata kumwona, na ni vyema ofisi ya Katibu Mkuu iliseme jambo hili Dodoma kwa uwazi uleule itakaolisema nao Nairobi.

Kwa hiyo ofisi ya Katibu Mkuu inaombwa ipeleke mbele ya Baraza la Mawaziri pendekezo la hati ya uzoefu ya wasanidi programu chini ya ibara ya 11, lisilosubiri bodi ziundwe. Izitake nchi wanachama zichapishe kila mwaka idadi ya vibali vilivyoombwa na raia wa Jumuiya katika kazi hizi, vilivyotolewa, vilivyokataliwa, na siku ambazo kila ombi lilichukua, ili ahadi ya siku 30 iweze kukaguliwa. Na itoe mwongozo wa waombaji kwa Kiswahili chepesi, unaoeleza nchi kwa nchi ni hati gani inatakiwa, inapelekwa ofisi ipi, na mwombaji aliyekataliwa akate rufaa wapi. Mwongozo huo ukiwa tayari, ufikishwe pia katika vyuo vya ufundi na ofisi za halmashauri za Mwanga na Same, wanakopita vijana wengi kabla hawajapanda basi la kwenda Holili kuvuka mpaka.

Kwa heshima,
Mwandishi, Kata ya Kwakoa, Wilaya ya Mwanga, Mkoa wa Kilimanjaro