Kibanio cha Moyo si Jibu Letu

Jamani, sina ugomvi na kibanio chenyewe. Ni ufundi wa ajabu! Daktari anatoboa tundu dogo kwenye paja, anapitisha mrija ndani ya mshipa hadi kwenye moyo unaoendelea kudunda, kisha anabana pamoja kingo za valvu inayovuja. Kifua hakipasuliwi. Ulaya iliruhusu MitraClip mwaka 2008, Marekani 2013.

Na kinasaidia. Katika utafiti wa COAPT wa mwaka 2018, wagonjwa 614 wenye moyo uliochoka walifuatiliwa miaka miwili. Waliotumia dawa tu, walifariki asilimia 46. Waliowekewa na kibanio, 29.

Ugomvi wangu ni na wanaotuambia eti hilo ndilo jibu letu. Jibu la swali la nani? Wastani wa umri wa wagonjwa wale ulikuwa miaka 72. Huku Afrika Mashariki valvu zinavuja kwa watoto wa shule na akina mama vijana, na chanzo kikubwa ni homa ya rumatiki. Mtoto anaumwa koo, bakteria hawatibiwi, kinga ya mwili inageuka na kushambulia valvu zake mwenyewe. Valvu inakakamaa, mara nyingi inakuwa nyembamba. Sasa njia iliyokwisha kuwa nyembamba ukiibana, damu ipite wapi?

Najua nitaambiwa napinga maendeleo. Hebu tazameni Uganda basi. Watafiti waliwachukua watoto 818 waliokuwa na dalili za mwanzo kabisa, zile zinazoonekana kwa kipimo tu. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Matokeo yalitoka 2021: ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 33 wasiochomwa, na kwa watatu tu waliochomwa. Watatu! Kwa dawa ya tangu enzi za babu zetu.

Lakini sindano haina utepe wa kukata wala mgeni rasmi. Haipigwi picha.

Vibanio vije, wazee wetu wanaovifaa wavipate. Ila kabla hujapiga makofi, nenda zahanati ya mtaani kwako uulize swali moja tu: penisilini ya mwezi huu ipo? Wakisema imeisha, hiyo ndiyo habari ya moyo ya kuandika ukurasa wa mbele.