TUKIZURU SAANANE, TULE WAPI?

Kisiwa cha Saanane kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Kutoka kwetu Butimba si mbali: ni gari hadi mjini, kisha boti. Wenzangu wengi husema ziara bila kula kisiwani si ziara. Mimi sikubaliani nao.

Muhula uliopita tulikwenda. Ilipofika saa sita, wenye fedha walifungua chipsi na soda walizonunua mjini. Sisi wengine tulijifanya tunatazama pimbi juu ya mawe. Rafiki yangu alisema hana njaa, nami nilijua hakupata hata uji asubuhi.

Huenda mtu akasema mwenye fedha asizuiwe kula. Ni kweli, lakini siku ya ziara ni ya darasa zima. Kwa hiyo naomba jiko la shule litupe sote viazi vitamu na chai kabla ya kuondoka, na ugali tukirudi. Kisiwani tubebe maji tu. Hapo tutawatazama pimbi kwa kuwa twapenda kuwatazama.