Fibromu kutolewa kwa tundu dogo: uvimbe wenyewe unapita wapi?

Wamama wengi wenye fibromu, ule uvimbe wa mfuko wa uzazi unaoleta damu nyingi na maumivu, wanafurahi kusikia kama kuna operesheni isiyoacha kovu kubwa. Ni kweli, iko. Munganga anatoboa matundu madogo tumboni, anaingiza kamera na vyuma vyembamba, na mgonjwa anarudi nyumbani mapema.

Lakini uvimbe wenye ukubwa wa embe utapita namna gani kwenye tundu la sentimetre moja au mbili?

Tangu miaka ya 1990, Marekani na Ulaya walitumia mashine ya umeme yenye kisu kinachozunguka. Inakata uvimbe vipande vipande humo humo tumboni, kisha inavivuta inje. Kazi ilienda haraka. Mwaka 2013, kule Boston, Amy Reed, munganga na mama wa watoto sita, alipasuliwa hivyo. Wote walidhani ni fibromu tu. Kumbe ndani mulikuwa kansere, na mashine ilikuwa imeikatakata. Alifariki 2017.

Aprili 2014, FDA, ofisi ya serikali ya Marekani inayochunga dawa na vifaa vya hospitali, ilikadiria kwamba mwanamke 1 kati ya 350 wanaopasuliwa juu ya fibromu ana kansere iliyojificha. Waganga wengine walibisha, wakisema hesabu hiyo imezidi. Mwaka ule ule kampuni Johnson & Johnson iliondoa mashine zake sokoni. Na hata bila kansere, vipande vya fibromu vikibaki tumboni vinaweza kushika na kuota upya.

Leo FDA inataka uvimbe ukatiwe ndani ya mfuko maalum uliofungwa, na mashine isitumiwe kwa wamama waliopita miaka 50 ao waliokwisha kukoma hedhi. Njia zingine ziko: kuutoa muzima kwa njia ya uke, ao kupanua kidogo tundu moja.

Hapa mashariki, wengi wanapasuliwa bado kwa kufungua tumbo. Kovu ni kubwa, kupona kunachukua muda, ila uvimbe unatoka muzima. Kwa jambo hilo moja, njia ya zamani haina aibu.

Mwenye kupewa karatasi ya kusaini ana haki ya kuuliza uvimbe utatokea wapi, na kama utapelekwa laboratware. Ekografi peke yake haiwezi kuhakikisha kama ni fibromu ao kansere, na laboratware za kupima nyama ya mwili ni chache kwetu.