Takwimu za korona walizifungia kabatini, surua wakaifungulia mlango!

NDUGU msomaji, wewe uliyekaa kijiweni na gazeti hili ukisubiri kahawa, nakuuliza swali moja tu: kadi ya kliniki ya mwanao iko wapi? Usiniambie "mama yake anajua". Hilo ndilo jibu nililokuwa nalitoa mimi mwaka 2020, na lilinitokea puani.

Tukumbushane. Mei 2020 wakubwa walisimamisha takwimu za korona. Wagonjwa 509, vifo 21, basi! Hesabu ikaganda hapo kwa zaidi ya mwaka mzima. Tukaambiwa tupige nyungu, tuombe, tuchape kazi. Ni kweli hatukufungiwa ndani, na makada wa chama tawala hujisifu kwa hilo. Lakini mlango wa zahanati kuwa wazi ni jambo moja, mama kuthubutu kuuingia na mtoto mgongoni ni jambo jingine. Mwananchi aliyenyimwa habari hujitungia zake. Huku kwetu uswahilini ilivuma kwamba ukienda kupima uzito wa mtoto utarudi na korona. Akina mama wakabaki nyumbani.

Sasa sikiliza jambo ambalo waheshimiwa hawakwambii wakija kuomba kura. Chanjo ya surua huja ikiwa unga, katika kichupa kimoja chenye dozi kumi. Nesi akishauchanganya na maji yake, muda wake ni saa sita tu; kinachobaki kinamwagwa. Ile ya kifua kikuu, inayoacha kovu begani, kichupa kimoja hufikia hata dozi ishirini. Nesi akichungulia barazani akaona watoto wawili, anaogopa kukifungua. Kesho ataulizwa mbona amemwaga dozi nane, na aliyemletea chache ndiye atakayemuuliza! Basi anawaambia rudini wiki ijayo, mpaka watimie.

Umeona mchezo ulivyo? Hofu ikipunguza watoto barazani, hata yule jasiri aliyekuja anarudishwa. Binti yangu alirudishwa mara tatu. Mara ya nne mama yake hakuwa na nauli, nami nilikuwa kijiweni nikicheka na masela kwamba chanjo za mzungu zinaua nguvu za kiume. Mtoto akafika miezi kumi na tatu, surua ikamkamata. Siku nne macho hayafunguki, kikohozi kama cha mzee. Alipona, na sifa ni za Mungu, mimi sina langu hapo.

Mzaha wetu ule wa kijiweni ulipata muhuri. Januari 2021, akiwa Chato, Rais Magufuli alizishambulia chanjo za korona, akihoji mbona mzungu hajapata ya Ukimwi. Februari 1 waziri wa afya akatangaza kwamba nchi haina mpango wa kuzipokea. Julai 28 mwaka huo huo Rais Samia akachanjwa hadharani. Ukumbi ni ule ule wa CCM, makofi ni yale yale! Na miezi yote hiyo manesi walikuwa wakiwachoma watoto wetu chanjo zilizotengenezwa nje, nyingi zikilipiwa kwa msaada wa Gavi. Nani katika vigogo hao alisimama kwa sauti ile ile ya Chato akasema, "Jamani, hizi za watoto msiziguse, ni salama"? Mimi sikumsikia.

Sitaki kukudanganya kwamba balaa hili ni letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walihesabu watoto milioni 25 waliokosa dozi mwaka 2021. Jirani zetu Kongo walizika zaidi ya watu 7,000 kwa surua, wengi wao watoto, kabla mlipuko wao haujatangazwa kwisha Agosti 2020. Surua haina mzaha: mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Mapema 2023 ikaua watoto Mpimbwe, mkoani Katavi. Februari 2024 serikali ikaendesha kampeni ya nchi nzima ya surua na rubela. Vizuri, nawapongeza. Lakini pengo hilo lilitoka wapi? Kimya.

Tunataka idadi ya watoto waliokosa chanjo tangu 2020, kata kwa kata, ibandikwe ofisi ya mtendaji. Namba hizo zimo kwenye daftari za zahanati, hazihitaji tume wala posho. Mkabe diwani wako kwa swali hilo.

Nawe ukirudi nyumbani leo, itafute ile kadi. Tazama mstari wa surua: miezi tisa, miezi kumi na minane. Ukikuta nafasi tupu, kesho mpeleke mtoto mwenyewe. Nesi akikwambia urudi wiki ijayo, usigombane naye. Kaa pale pale barazani, tuma mtu akaite majirani wenye watoto, mpaka kichupa kifunguliwe.